Mtoto wa Dada Yake

Filimon alikuwa akipiga deki ofisi moja huko Etterbeek, mjini Brussels, na kama kila alfajiri, sauti ya marehemu dada yake ikamjia ikimtania kwa Kilonguda: mwanamume mzima anabembeleza sakafu za watu. Aliifuata ile sauti hadi ukutani, nusu yu macho, nusu yuko kwao Guyuk, Nigeria. Tangu dada yake azikwe, Brussels nzima hakumjua mwingine mwenye lugha hiyo ila Rifkatu, mtoto wa dada, mwenye miaka saba. Na Rifkatu watu wa serikali walishamchukua.

Kosa lilikuwa lake. Alipoomba kumlea mtoto, jaji alimwuliza kama baba yake yu hai. "Yuko hai, Guyuk," alijibu bila kuwaza mara mbili. Kwa Walonguda mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye mzigo. Baba awe hai asiwe hai, hilo ni la pembeni. Jaji akaamua: baba yupo, mjomba hana haki. Mpaka baba apatikane, mtoto alelewe na familia ya Kibelgiji. Baba mwenyewe hata salamu hakutuma.

"Papa Filimon, na wewe," alisema Euphrasie wa Bukavu, mfanyakazi mwenzake aliyemfundisha Kiswahili, akikamua tambara. "Ungesema alikufaka."

"Hakufa, maman."

"Bon, ungemuua kidogo tu, juu ya mutoto."

Filimon alicheka, kisha akarudi kwenye deki lake.

Mchana alipewa nafasi ya kumwona Rifkatu, chumbani penye wanasesere na ofisa mpole wa ustawi wa watoto aitwaye Anne-Marie. "Kifaransa tu, tafadhali, ili niwaelewe," alisema. "La sivyo, hakutakuwa na ziara nyingine."

Rifkatu aliketi mikono magotini. Kwa Kifaransa kizuri alieleza kwamba huko anakolelewa kuna paka. Kilikuwa kizuri mno, na Filimon kilimuuma. Akauliza paka anaitwaje.

Mtoto aliinusa mikono ya mjomba wake, akaanza polepole, kwa Kilonguda, kumtania kwamba ananuka sabuni za watu. Sauti ilikuwa ile ile ya alfajiri.

"Monsieur," Anne-Marie alionya.

Filimon aliutazama mlango. Alijua anachopoteza. Kisha akamjibu mtoto wa dada yake kwa lugha yao, taratibu, na Anne-Marie aliposimama kuwatenganisha walikuwa bado wanaongea.