Harufu ya Msandali Katika Maziwa

Msandali wetu ulikuwa wa mwisho upande huu wa Burat. Ile mingine wezi waliing'oa na mizizi yake yote, maana mafuta ya manukato yamo huko. Marehemu mama alikuwa akichemsha gome lake tukanywa kama chai, na kabla hajafa nilimwahidi kuutunza. Basi nilifyeka vichaka vyote vilivyouzunguka, mwizi asipate pa kujificha, na kila asubuhi niliuombea.

Wiki ya sita baada ya kufyeka, majani yake yakaanza kunyauka.

Siku hiyo Zeinab, jirani yangu Mborana, aliniletea maziwa kama kawaida. Akanimiminia kikombe kutoka kwenye kibuyu. Nikanusa. Wao hufukiza vibuyu kwa moshi wa kuni, lakini moshi huu niliujua. Ulikuwa wa msandali.

Sikuyanywa. Nilikumbuka mumewe, mzee Dabaso. Mara mbili nilimkuta amechuchumaa kwenye ua wangu, chini ya msandali, akichokora udongo. Mara zote mbili nilimfungulia mbwa.

Zeinab alipoondoka nilivaa viatu niende kwa chifu. Nikapiga magoti kwanza, lakini sala haikuja. Kila nikifumba macho nilimwona Dabaso na pingu mikononi. Nikainuka, nikaenda kwa Dabaso mwenyewe.

"Karibu, Mama Mawira," alisema. "Leo umekuja na uso wa askari."

"Mzee, mti wangu unakufa, na maziwa yenu yananuka msandali."

Zeinab alicheka mpaka akashika mlango. "Si yale matawi yake uliyoyakata ukayatupa nje pamoja na vichaka? Niliyaokota. Ulitaka yaliwe na mchwa?"

Nikaona haya, lakini sikunyamaza. "Na wewe, mzee, ulichimba nini kwangu?"

"Nilitafuta mizizi iliyo hai. Msandali haujilishi wenyewe. Mizizi yake hushika ya miti jirani na kuinyonya. Wewe umewafyeka majirani wake wote."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningemwambia nani? Mbwa?"

Tulienda sote watatu mpaka kwenye mti. Dabaso alifukua polepole kwa kidole, akatuonyesha visiki viwili vya vile vichaka, vyenye machipukizi madogo kama kucha. Tukavimwagia maji, na mti wenyewe pia. Hakuna aliyesema utapona.

Nilipoingia ndani niliyanywa yale maziwa, yamepoa. Kisha nilimfunga mbwa, nikampelekea Zeinab panga langu la kufyekea akae nalo mpaka mvua zinyeshe.