Ini la Aikande Lapewa Likizo

Jana usiku niliota ini la binti yangu limekaa kibarazani, limepakata begi magotini, linasubiri gari. Sijui lilipata wapi magoti.

"Shikamoo, mama," likasema.

"Marahaba. Wewe ni wa wapi?"

"Mimi ni ini la Aikande. Nilitengenezwa tumboni mwako, ila hatujawahi kuonana uso kwa uso."

Tukashikana mikono. Lilikuwa la moto na zito, kama mkate uliotoka kuiva sasa hivi. Kwenye ndoto sikushangaa. Nililikaribisha kiti, likasema limekwisha kaa.

Niwaeleze kwanza yaliyo kweli, ndipo niendelee. Aikande ni mwanangu wa pili. Ana wiki tano tangu amzae Kunda, na mimi nimetoka Machame na ndizi, samli na nyama ya kukausha, nimekuja huku Morogoro kumlea. Kwetu mzazi halelewi kwa pole za simu. Analelewa kwa mtori wa ndizi na supu mpaka mashavu yarudi, na anayemlea hapumziki mpaka ayaone hayo mashavu. Lakini ubatizo wa Kunda ni wiki mbili zijazo, na gauni la kitenge la siku hiyo lilishonwa kwa vipimo ambavyo fundi alivichukua kabla ya mimba. Badala ya kulifumua gauni, mwanangu ameamua kujifumua mwenyewe. Amenunua ditoksi kwenye simu, dawa ya kusafisha mwili ili apungue. Chupa saba za kijani, moja kwa siku, na chakula kingine hapana. Amemaliza siku ya tatu. Maziwa yameanza kukata, na mtoto ananyonya huku analia. Hayo si ndoto. Ndoto ni hii.

"Safari ya wapi?" nikaliuliza ini.

"Nimepewa likizo ya siku saba. Barua hii hapa."

Barua ilikuwa fupi. Ilisema kuanzia sasa kazi ya kutoa sumu mwilini itafanywa na Chupa, na ini litoke na kila kilicho chake.

"Na kabla ya Chupa kazi hiyo alikuwa anaifanya nani?"

"Mimi. Miaka ishirini na sita, mchana na usiku. Hata vile vidonge vya maumivu alivyomeza baada ya kujifungua, niliyevipokea ni mimi, nikavivunjavunja, nikawapa wale."

Likaonyesha kwa kidevu. Pembeni walikaa mapacha wawili wadogo, wekundu, chini ya mwavuli mmoja. Nikajua ni mafigo.

"Sisi tunachuja tu, mama," akasema wa kwanza.

"Tunachuja, tunapeleka chooni," akasema wa pili.

"Hatujawahi kulalamika."

"Wala hatujawahi kuulizwa."

Nilipandwa na hasira. Mfanyakazi wa miaka ishirini na sita hafukuzwi kwa karatasi. Nikawaambia wasiondoke, nikaingia ndani.

Sebuleni Chupa imekaa kwenye kiti cha mume wa Aikande, imekunja nne. Inanuka tangawizi na matango. Vijana waliovaa glovu wanapita mbele yake na vitu vyangu, na yenyewe inatoa hukumu bila kuinua macho.

"Ndizi?"

"Sumu."

"Samli ya bibi?"

"Sumu."

"Maharage?"

"Sumu sana."

Vyote vinatupwa dirishani. Wakatupa jiko, kwa sababu lilikuwa limekaa karibu na maharage. Kisha kijana mmoja akanishika bega.

"Na huyu bibi?"

Chupa ikanitazama. "Sumu. Ila mwacheni mpaka siku ya tano."

"Wewe Chupa," nikasema, "hebu nitajie. Sumu gani unayoitoa kwa mwanangu?"

"Sumu za mwili."

"Jina lake."

"Zimejikusanya."

"Sijakuuliza zimekaa vipi. Nimekuuliza jina. Hata sumu ya panya ina jina kwenye pakiti, na mwenye duka akikuuzia anakwambia panya atakufa vipi. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini najua kitu kisicho na jina hakiwezi kuhesabiwa kwamba kimetoka."

Chupa ikakunja nne upande wa pili. "Bibi, wewe ni wa zamani."

Hapo ndipo Aikande alipotoka chumbani, Kunda mkononi. Anatabasamu, midomo imekauka.

"Mama, najisikia mwepesi."

Nikamwangalia miguuni. Visigino havikuwa vimegusa sakafu. Alikuwa amening'inia hewani kiasi cha kiganja kimoja, na alipocheka akapanda kiganja kingine.

"Shuka, mwanangu."

"Siwezi, ndiyo siku ya tatu. Siku ya saba watu wanasema unasikia raha ya ajabu."

Nikampokea mtoto. Nikachukua mbeleko, nikamfunga mama yake kiunoni, na ncha ya pili nikaifunga kwenye kitasa cha mlango, kama mtu anavyofunga mbuzi asiyeaminika. Mlango ukafunguka kwa kuvutwa huko, na nje yake hapakuwa na kibaraza tena. Ilikuwa kliniki ya watoto, na foleni ilikuwa imefika kwangu.

Nesi ana mizani ya kuning'iniza, ile yenye kijisuruali cha kuvalishwa mtoto. Hakutaka salamu.

"Kwanza alichopunguza mama," akasema.

Nikajikuta nimeshika ndoo. Akaitundika, akasoma. "Kilo tatu." Akachovya kidole, akakipeleka mwangani. "Maji. Haya yatarudi akinywa maji. Sasa mtoto."

Nikamvalisha Kunda kile kijisuruali. Sindano ya mizani ilisimama, ikafikiri, ikaanza kurudi nyuma. Nesi akachora kwenye kadi mstari unaoshuka. Mstari ukaendelea kushuka wenyewe baada ya kalamu kuinuliwa, ukatoka nje ya kadi, ukaingia mezani.

"Mama anapungua anasifiwa," nesi akasema. "Mtoto anapungua na hakuna aliyemuuliza."

"Muandikie dawa."

"Nitaandika nini? Mmesema mnatoa sumu. Ileteni niione. Bila sumu sifungi kadi."

Akanionyesha mlango wa nyuma. Nikamrudishia Aikande mtoto amshike, maana mbeleko ilikuwa imefika mpaka pale, ndefu kama barabara, na yeye alikuwa juu yetu usawa wa feni. Nikaingia peke yangu.

Nyuma ya kliniki palikuwa ghala la muuzaji. Nilimjua mara moja, ni yule wa kwenye simu ya mwanangu, mwenye nyusi za kuchora na koti jeupe la daktari. Alikuwa bapa kama picha. Akigeuka ubavu alikuwa haonekani, inabidi umngoje ageuke tena.

"Karibu mpenzi," akasema.

"Mimi si mpenzi wako, mimi ni mama wa mteja wako. Mwanangu kichwa kinamuuma tangu juzi."

"Hiyo ni dalili kwamba inafanya kazi, mpenzi."

"Anaona kizunguzungu."

"Inafanya kazi."

"Jana alianguka bafuni."

"Imeingia ndani kabisa."

"Maziwa yanakauka. Ananyonyesha, na ulijua, nimesoma mlivyoandikiana. Alikuuliza, ukamjibu kwa kopakopa, vile vipicha vya moyo."

"Mwili unajisafisha, mpenzi."

"Na akifa?"

Akageuka ubavu. Nikangoja. Aliporudi alikuwa anatabasamu vilevile. "Atakuwa amesafika."

Wenzangu, nimewahi kugombana na watu. Nimegombana na wakwe, nimegombana na mwenyekiti wa kitongoji kuhusu mfereji. Sijawahi kutamani kumkunja mtu nikamtia mfukoni kama nilivyotamani pale, na kwa jinsi alivyokuwa bapa ilikuwa inawezekana. Lakini nilikuwa nimetumwa.

"Nataka sumu ya mwanangu. Mmesema mmeitoa. Nesi anaisubiri."

"Haitolewi kwa ndugu."

"Nimemzaa mimi."

Nyuma yake zilikuwa rafu mpaka darini, na kwenye rafu ndoo nyeupe zenye majina ya watu. Nilitafuta kwa kidole, kama tunavyotafuta majina ya watoto kwenye matokeo ya shule. Nikamkuta. Aikande, siku ya kwanza mpaka ya tatu. Ndoo ilikuwa na joto. Nikang'oa kifuniko.

Ndani yalikuwa maziwa.

Nikaonja. Si ya ng'ombe, si ya kopo. Mepesi, matamu, ya mama. Nikasimama na ile ndoo na nikaelewa kwamba katika ghala lile zima hapakuwa na sumu hata tone. Kila mmoja alikuwa ametoa kile alichokuwa nacho: maji, nyama ya mapaja, nguvu za kupanda ngazi. Mwanangu alikuwa na maziwa, akatoa maziwa.

"Hii ndiyo sumu?" nikamuuliza muuzaji.

"Usifungue mbele ya wateja, mpenzi," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu.

Nikatoka mbio. Kifuniko nilikiacha. Ghala likawa ngazi, ngazi zikawa njia ya nyumbani, na njia imeinama upande mmoja kama sahani inayomwagwa mchuzi. Nainua ndoo, nainamisha mwili. Hatua moja nikateleza, maziwa yakaruka ukingoni, yakanimwagikia mguu wa kushoto, yakaingia kwenye ndala. Ya moto. Sikusimama.

Mlangoni ini lilikuwa limesimama, begi limeliweka chini. Aikande alikuwa amefika darini, mgongo umegusa bati, na Kunda amemkumbatia shingoni. Mbeleko imebaki uzi mmoja.

"Weka ndoo sakafuni, mama," ini likasema. "Atashuka taratibu. Na sisi turudi kazini, kama hamna neno."

"Ingieni," nikasema. "Hakuna aliyewafukuza hapa."

Nikainama kuiweka, na kabla haijagusa sakafu nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Kunda alikuwa analia chumba cha pili, kile kilio chembamba cha wiki hii. Nikashusha miguu kitandani. Ndala ya kulia ilikuwa kavu. Ya kushoto ilikuwa imelowa.

Nikaiinua. Kwenye alama za vidole palikuwa na kitu cheupe, bado kina uvuguvugu, na sisimizi walikuwa wamekwisha panga mstari kutoka chini ya mlango. Nyumba hii haina maziwa. Ya ng'ombe Aikande alimpa jirani siku alipoanza dawa, na ya kopo hayajawahi kuingia.

Sikupiga kelele. Nilienda nayo chumbani kwake kama ilivyo. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto titi mdomoni analiachia na kulikamata, na chupa ya nne iko mkononi, hajaifungua.

"Mama, mbona asubuhi yote hii unaniletea ndala?"

"Nusa."

"Mama jamani."

"Nusa, mwanangu. Halafu sitakuambia kitu tena."

Akainusa kwa kunifurahisha, kwa pua ya mbali. Kisha akaisogeza karibu. Akanusa mara ya pili, kwa muda mrefu, akainamisha kichwa akanusa na kifua cha gauni lake.

"Haya ni yangu," akasema.

"Unajuaje?"

"Wiki tano nguo zangu zote zinanuka hivi. Ni yangu, Mama. Umeyatoa wapi?"

Nikamwambia nitamsimulia akiwa anakula. Kunda aliachia titi, akalia, akalitafuta tena. Aikande akanipa ile chupa bila kuniangalia, kama mtoto anayerudisha kitu cha watu.

"Nina njaa," akasema.

Nimewasha jiko. Naandika haya wakati ndizi zinachemka, na ndala nimeianika dirishani kila anayepita aione. Ninyi wenye mabinti wanaonyonyesha, shikeni simu zao leo. Mkimkuta yule wa koti jeupe, muulizeni jina la hiyo sumu. Mngojeni ageuke.