Wimbo Usio na Maneno

Subira sikupewa, na sitajifanya. Urbain, mwalimu wa kwaya yetu, aliponiambia mbele ya waimbaji wote kwamba wimbo wangu haujakamilika, nilichukua mkoba nikatoka nimevimba kwa hasira.

"Constance, maneno iko wapi?" ndivyo alivyouliza. "Lai-lai-lai peke yake? Mungu atasikia nini hapo?"

Maneno sikuwa nayo. Mama alifariki kwetu Uvira, Kongo, mwezi wa tatu, na mimi niko hapa Durban nasuka nywele za watu, makaratasi yangu hayaniruhusu kwenda na kurudi. Walimzika, ndipo wakanipigia simu. Machozi yakagoma. Badala yake ikanijia sauti tu, bila neno hata moja, na kila nikijaribu kuitilia maneno yanakuwa ya uongo. Ndiyo sauti niliyotaka kanisa liimbe kwenye ibada ya kumkumbuka. Nikaapa kwamba mtu mwingine akinikatalia, basi, situngi tena, na Mama atakuwa amezikwa bila mimi kabisa.

Nilikuwa nauimba juu ya paa tu, tunapoanika nguo, hapo kwenye maghorofa ya South Beach. Jirani wa ghorofa ya tisa, Leora, Myahudi, mtunzi wa nyimbo, siku moja alisimama na kapu lake mpaka nikamaliza.

"Umetunga mwenyewe?" akauliza. Tuliongea Kiingereza, mimi na kile changu cha saluni.

"Hauna maneno," nikamwahi kabla hajanikosoa.

"Nimesikia. Jumamosi alasiri wenzangu wanakuja kwangu, wanamuziki watupu. Njoo nawe. Usilete kitu."

Usilete kitu! Nani kwetu anaenda ugenini mikono mitupu? Nikaazima gitaa la binamu yangu Doudou, nikavaa kitenge kipya, nikapanda.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani nikakuta watu saba wamezunguka meza yenye mkate na samaki baridi. Mzee mmoja, Mervyn, anayepiga fidla kwenye harusi, akaliona gitaa akatabasamu.

"Liweke hapo mlangoni, mwanangu," akasema. Nikaliweka. Nikatoa simu nirekodi, nisije nikasahau watakachonishauri. "Na simu pia, tafadhali," mzee akaongeza.

Eish. Nikajua ni yale yale ya Urbain. Kwetu siku ya Mungu ikikosa gitaa na ngoma, mchungaji anafikiri kwaya imegoma.

"Nilikuja kuimba, sikuja kupekuliwa," nikasema, nikageuka niondoke.

Leora akanifuata. "Si wewe, Constance. Kosa ni langu, sikukueleza. Leo ni Sabato. Hatupigi vyombo, hatuandiki, haturekodi. Wiki nzima tunauza muziki, leo tunaimba kwa midomo tu. Na nyimbo nyingi za saa hii hazina maneno."

"Hazina?"

"Babu yangu alikuwa anasema maneno yanachoka mapema," Mervyn akajibu kutoka mezani. "Kaa, ule."

Nikakaa, nimeshikwa na aibu. Wakaimba wao kwanza, polepole, macho wamefumba, lai-lai-lai kama zangu. Kisha Leora akanigusa bega. Zamu yangu.

Niliimba nikiangalia kibakuli cha chumvi. Nilipomaliza, Mervyn akasema neno moja tu: "Tena." Nikarudia. Tena. Kumbe kwa kuwa hawaandiki, wimbo mgeni wanaujifunza kwa kuurudia mpaka ukae kichwani. Mara ya nne Leora akaingia, mara ya tano wote. Mzee akakosea penye kona.

"Hapana, hapo inashuka," nikamkatiza, hasira zangu zile zile.

"Inashuka mpaka wapi?" akauliza kwa upole, akatega sikio. Mimi msusi wa nywele, namfundisha mtu wa fidla! Nikamwonyesha. Akaipata.

"Wimbo huu ni wa nani?" akauliza. "Sisi wimbo tunautaja kwa jina la mwenyewe."

"Wa mama yangu," nikasema. "Anaitwa Nimbona."

Basi, nilipotamka jina tu, yale machozi ya mwezi wa tatu yakaja yote pamoja, nikafunika uso. Nilidhani watanyamaza, au watakimbilia kunibembeleza. Hawakunyamaza. Waliuimba bila mimi, wakashuka pale pale panaposhuka, wakafika mwisho, wakaanza tena. Kwetu msibani mfiwa haimbi. Yeye analia, na waliokuja ndio wanaimba.