Kusindikizwa Hadi Mstarini

Katika mechi ile ya raga, trai ya tatu ndiyo iliyomlevya Apenisa. Aliudaka mpira karibu na mstari wa pembeni, akamtazama Ilaitia usoni, akaegemea kushoto kidogo, kisha akakata kulia. Ilaitia, kijana wa miaka ishirini ambaye kijiji kizima hakikuwa na wa kushindana naye mbio, akaporomoka kwenye nyasi mikono ikikumbatia hewa. Mbele palikuwa peupe. Apenisa alikimbia mita arobaini peke yake, akaulaza mpira kati ya milingoti miwili ya mianzi, na akina mama waliokaa kwenye mikeka wakashangilia hadi mbwa wakaanza kubweka.

Miaka thelathini na mitano, na bado yumo. Alirudi katikati ya uwanja akijizuia kutabasamu, kama mtu mzima apaswavyo, lakini mashavu yalimsaliti. Jibu la kumpa Delmas alikuwa amelipata.

Kocha Delmas alikuwa amemwandikia kutoka Ufaransa wiki mbili nyuma. Mkataba wa mwaka mmoja upo, alisema, klabu ni ndogo lakini inalipa kwa wakati. Umri haunihusu, na ya daktari tutayaona baadaye. Nipigie Jumatatu uniambie kwa kinywa chako kama bado unakimbia, nami nitakuamini. Basi Apenisa, ambaye hakuwahi kumdanganya kocha hata siku moja, akajiwekea kipimo. Jumamosi kulikuwa na mechi ya kijiji, wanaokaa juu ya barabara dhidi ya wanaokaa chini yake. Akiwapita vijana, anakwenda. Wakimshika, anabaki.

Kubaki kulimtisha. Aliondoka Fiji kwenda Ufaransa akiwa na miaka ishirini na mmoja. Mechi yake ya kwanza huko alicheza na glavu za sufu kwa sababu ya baridi, na watazamaji wakamcheka. Msimu ule akafunga trai kumi na saba, wakaacha kumcheka. Alichezea klabu tatu kwa miaka kumi na minne, magoti yote mawili yakapasuliwa, na nchi yake akaivalia jezi mara ishirini na mbili. Paa la kanisa la kijiji lilitoka miguuni mwake, na jenereta la shule pia. Sasa huyo mtu akibaki hapa, akaamka siku ya kawaida asiwe na mazoezi, ataitwa nani?

Mkewe Makereta alikuwa mwalimu wa darasa la nne hapo hapo kijijini. Aliwahi kumfuata Ufaransa, akavumilia miaka miwili, akarudi na mimba. Binti yao Vasiti alikuwa na miaka tisa sasa, na alijua kumwambia baba yake kwaheri vizuri zaidi kuliko kumwambia karibu.

Jioni ile wanaume walikaa kuzunguka bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi, nyumbani kwa kaka yake Apenisa, ambaye ndiye mkuu wa kijiji. Ilaitia alikuwa akikamua mizizi iliyotwangwa na kuwajazia wakubwa vifuu vyao. Ndipo Sakiusa alipoingia, bila hodi, mikono ikiwa imejaa magimbi na tumbo likiwa limemtangulia.

Sakiusa alikuwa mtu wa milimani, na watu wa kijiji chake na cha Apenisa ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akimtaka kuku wako anamchukua. Akitaka kukuambia jambo ambalo hata mwanao wa kumzaa hathubutu kulisema, anakuambia mbele za watu, na wewe huruhusiwi kununa.

"Nimekutazama leo, mtani," alisema huku akijisogezea mto wa mwenye nyumba. "Nikajiuliza, huyu mzee anakimbia au anasindikizwa?"

Watu walicheka, ila kicheko kile kilikatika mapema mno.

"Wivu huo," Apenisa akajibu. "Wewe ukikimbia, tumbo linafika leo, mgongo unafika kesho."

"Mimi najijua kuwa mnene, na mke wangu ananikumbusha kila siku. Wewe habari zako unaambiwa na nani?"

Apenisa aliwatazama waliokaa pale, mmoja mmoja. Kila aliyemtazama alikuwa na shughuli na mkeka.

"Ilaitia, ulinipisha?"

Kijana aliinamia bakuli kana kwamba kuna kitu kimemzamia humo. "Nyasi zilikuwa na umande, baba mdogo."

"Umande wa saa tisa alasiri?"

Apenisa aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona hata siku alizofungwa trai za kutosha kujaza gunia. Alijua kwamba hawakukaa kikao wakapanga. Kijijini hapa mtu hupita mbele ya wakubwa akiwa ameinama, na kichwa cha mkubwa hakiguswi. Yeye ni ndugu wa mkuu, na kila Jumapili wanasali chini ya paa lake. Kila kijana alimwona anakuja na mpira, na kabla hajawaza lolote mikono ikawa imeshika adabu. Jambo hilo angepaswa kulijua, maana naye alilelewa hivyo hivyo. Kule Ufaransa ndiko alikolisahau, ambako mtu huvunjwa mbavu kisha akaulizwa hali.

"Mmeniharibia kipimo," alisema mwishowe. "Jumatatu nitamwambia nini Mfaransa?"

"Hata nikiwaamuru, hawataweza," kaka yake alisema kwa upole. "Watajaribu, mikono itakataa."

Sakiusa alikunywa kifuu chake chote kwa mkupuo mmoja, akajifuta mdomo. "Mama yake Ilaitia ametoka kwetu. Huyu mtoto ni mpwa wetu, ana haki zote za milimani. Sasa mimi nasema, Jumatatu asubuhi ni mtu wa kwetu. Na mtu wa kwetu ni mtani wa huyu mzee. Mtani hana adabu. Kuna anayebisha?"

Mkuu wa kijiji alifikiri kidogo, kisha akapiga makofi matatu ya kiganja, na shauri likawa limepita.

Jumapili katika kijiji kile hakuna mchezo wala mbio, hata mtoto akikimbilia choo anakemewa. Apenisa alikaa kanisani chini ya paa lake mwenyewe na hakusikia hata neno moja la mahubiri. Miguu ilimcheza chini ya benchi. Makereta akamwekea mkono juu ya goti la kulia, lile lililopasuliwa mara mbili, akauacha hapo mpaka wimbo wa mwisho.

Kwa Jumatatu asubuhi walikuwa wamekubaliana wawe watu watatu tu. Lakini Apenisa alipofika uwanjani alikuta kijiji kizima, wengine na chai zao mkononi. Sakiusa alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa katikati ya uwanja, akijiita mwamuzi.

"Mara tatu," alitangaza. "Asije mtu akasingizia upepo."

Mara ya kwanza Apenisa aliegemea kushoto, akakata kulia, mtindo uliomlisha miaka kumi na minne. Goti lilichelewa kwa kupepesa jicho tu. Bega la Ilaitia likamwingia chini ya mbavu, na pumzi yote ikamtoka.

"Mzee, hilo goti umeliazima wapi?" Ilaitia aliuliza, akiwa bado amemlalia. Mtoto aliyekuwa hawezi kumtazama machoni juzi alikuwa ametanua mdomo kwa furaha. "Mwenyewe analitafuta."

Uwanja mzima ulivunjika kwa kicheko. Mara ya pili Apenisa hakukata popote, alitimua mbio moja kwa moja kwa nguvu zake zote, akadakwa kwa nyuma kabla ya hatua ya kumi. Mara ya tatu alitoa ujanja wote aliokuwa nao, ule wa macho, wa mkono, hata ule aliofundishwa na Msamoa mmoja mvua ikinyesha, na kwa nukta moja alidhani amepita. Kisha ardhi ikampokea.

Alilala pale, mdomo umejaa nyasi, akacheka. Alicheka mpaka mbavu zilizoumizwa zikalalamika. Uchungu ulikuwepo, hakuuficha, lakini furaha iliuzidi, na alipojiuliza inatoka wapi akaona ni kitu kidogo sana. Tangu arudi alikuwa akikaribishwa na kuombewa dua, na hakuna aliyekuwa amemgusa.

Alisubiri hadi jioni, Ufaransa kulipokuwa kumekucha, akapiga simu.

"Unakimbia bado?" Delmas aliuliza, bila salamu, kama kawaida yake.

"Hapana."

"Nani amekuambia?"

Apenisa alitafuta neno la Kifaransa la mtani, akalikosa. "Rafiki asiye na adabu," alisema.

"Angekuwa hapa kwangu," Delmas alisema, "ningewafukuza madaktari wote." Akamshukuru, akamtakia heri, akakata. Mazungumzo yote hayakumaliza dakika nne.

Makereta alikuwa barazani akisahihisha madaftari. Apenisa akaketi kwenye ngazi.

"Nimemkatalia."

Kalamu ilisimama, kisha ikaendelea.

"Ulijua kwamba wananipisha?" aliuliza.

"Tangu trai ya kwanza."

"Ukaniacha nijidanganye?"

"Ningekuambia mimi, ungesema ni kwa sababu nataka ubaki."

"Ulitaka nibaki?"

Makereta aliinamia daftari la mtoto mmoja, akatia alama ya vyema mahali ambapo saba mara nane ilikuwa imejibiwa arobaini na nane. "Sana," alisema.

Jumanne asubuhi Sakiusa alirudi kwao milimani, akaondoka na kuku wawili, mto wa mkuu wa kijiji, na njumu za Apenisa alizozikuta mlangoni. Kwa hiyo jioni ile Apenisa alishuka mazoezini miguu mitupu. Vijana waliinamisha vichwa walipomwona. Hapakuwa na mtu wa milimani wala mwamuzi juu ya ndoo. Alisimama pembeni, kwenye nafasi yake ya winga, akainua mkono kuomba mpira.

Kijana wa kwanza alimkamata kiunoni, akamlaza chini taratibu kama mtu anayetua beseni la mayai.

"Samahani, baba mdogo."

Apenisa alinyanyuka, akaurudisha mpira, akarudi kwenye nafasi yake na kuinua mkono tena.

Wa pili alimkita chini hadi meno yakagongana, akampora mpira, akatimua mbio bila kugeuka nyuma.