Kiitikio cha Pumzi Moja

Jumatatu saa nne asubuhi, fundi cherehani alimpima shangazi yake kifua kwa ajili ya blauzi mpya, akakuta utepe umeishia pale pale ulipoishia miaka sita iliyopita. Shangazi ana pumu. Kanisani hukaa benchi la mwisho, na wimbo wa katikati, ile zaburi ya kuitikiana, ukianza hufunga mdomo, kwa sababu Mwalimu wa kwaya hutunga viitikio virefu, vinavyopanda juu kama vinakimbizwa na mbwa. Waumini walikwisha kumwachia aviimbe yeye na kwaya yake.

"Vuta pumzi, Shangazi. Haya, itoe polepole."

Pumzi ya shangazi ilitosha maneno matano. Fundi akaacha blauzi mezani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepima nusu ya parokia, na alijua pumzi ya nani inaishia wapi. Basi zaburi ya Jumapili ile akaikatia kiitikio cha maneno matano, sauti yake haipandi kuliko mtu anavyomwita jirani ng'ambo ya ua. Moyo ulimdunda mpaka akajichoma sindano. Hakujua noti, kwa hiyo alimwimbia Mwalimu wa kwaya, naye akaziandika, akatoa fotokopi, na juu ya karatasi akaweka jina lake mwenyewe.

"Na langu je?" fundi akauliza.

"Haraka ya nini, dada? Tuone kwanza kama wataimba."

Waliimba. Mara ya kwanza walijaribu tu. Mara ya pili kanisa zima liliitika, hadi wale wanaume wanaosimama nje wakiegemea ukuta, hadi shangazi, mdomo wazi na machozi yanamtiririka. Fundi alitamani kupanda juu ya benchi apige vigelegele. Mara ya tatu vifungo vilianza kukatika. Kimoja kiligonga kinara cha mshumaa, kingine kikatua juu ya kitabu cha masomo, na msomaji akakipuliza pembeni akaendelea na ubeti. Vifua vilikuwa vimeongezeka inchi mbili.

Mtunza sakristi alifagia vifungo, vikajaa kopo. Kesho yake foleni ya nguo za kupanuliwa ilitoka dukani kwa fundi ikafika barabarani. Fundi akatunga cha Jumapili ya pili, na cha tatu, hadi cha tisa, pini zikiwa mdomoni, na kila Jumapili vifua vikaongezeka. Benchi la watu sita likawa la watu watano. Paroko alitangaza watu watoke kiubavu, mmoja mmoja, na halmashauri ya parokia ikapitisha mlango upanuliwe. Shangazi alihamia benchi la mbele, akawa hashikiki.

Mtu mmoja tu hakuongezeka. Koti la Mwalimu wa kwaya lilifungika vifungo vyote vitatu kama zamani, na kila mtu aliliona. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu, tena ina lami.

Kamati ya muziki ya jimbo ilikuja kuchagua zaburi za kitabu kipya. Ili kujua mtunzi ni nani, katibu wake, mtawa mwenye miwani, alimpima fundi kifua: ameongezeka inchi saba, hakuna aliyemfikia. Akampima Mwalimu: sifuri. Akaandika yote mawili kwa mwandiko mzuri, kisha akauliza ni nani anayejua noti. Mwalimu akanyoosha mkono.

"Basi mtunzi ni huyu," katibu akasema. "Na wewe mama, asante sana kwa kusaidia."

Kitabu kilipotoka, fundi alikipekua ukurasa kwa ukurasa. Zaburi zake tisa zilikuwemo zote, kila moja na jina la Mwalimu juu yake. Iliuma, akalia mbele ya wateja, wala hakujificha.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu alifika dukani na koti begani. Alikuwa ameitwa kanisa kuu kuzifundisha kwaya zote za jimbo, na aliona haya kusimama mbele yao na kifua kile.

"Niwekee pamba ndani, dada."

"Inchi ngapi?"

"Saba."

Fundi akalitandaza koti mezani, akaanza kufumua bitana. Mwalimu hakuondoka. Alisimama pale akikunja na kukunjua karatasi ya zaburi.

"Samahani, dada," akasema mwishowe. "Wakiniuliza, niwaambie wavute pumzi wapi?"

Fundi akatoa pini mdomoni, akamwonyesha pa kuvuta.