Kamba ya Shemeji

Tope lilipotibuka, Nomikos hakuuona hata mkono wake mwenyewe. Alikuwa pima ishirini chini ya bahari ya Kalimno, kisiwa cha Wagiriki, akikata sifongo, kichwa ndani ya kofia ya shaba. Kioo mbele ya macho yake kiligeuka cheusi kama kitako cha chungu.

Akaivuta kamba mara mbili: nipandishe.

Kamba haikujibu.

Kule juu mashuani aliyeishika ni Sakelari, kaka wa mkewe. Kwao roho ya mzamiaji hushikwa na ndugu, si mgeni. Lakini mwaka jana mshikaji alikuwa Nomikos. Aliingiwa na hofu, akampandisha Sakelari kwa pupa; mzamiaji akipanda haraka mno kutoka kina kile, damu humchemka kwa hewa na kumlemaza. Tangu siku ile shemeji anaburuta mguu wa kushoto. Hajamlaumu hata mara moja. Asubuhi hii, akimkazia kofia skrubu moja baada ya nyingine, alisema tu, "Tulia, shemeji. Mimi sina haraka."

Maneno hayo sasa yalimwasha kama upupu: kumbe alikuwa akingoja kulipiza.

Akachomoa kisu, akaanza kuikereza kamba. Akiikata na kulijaza hewa vazi lake la kuzamia, angeibuka kama kizibo. Kisha yeye pia angeburuta mguu, pengine yote miwili. Nyuzi tatu zilikuwa zimeshakatika. Pumzi zake ziligombana ndani ya shaba. Ndipo akamkumbuka mama yake akikanda unga wa shayiri: sukuma, pumzika, sukuma, pumzika. Akapumua hivyo hivyo mpaka moyo ukarudi mahali pake.

Akakiachia kisu, akaifuata kamba kwa vidole. Haikupanda juu. Ilikwenda ubavuni, ikazunguka jiwe, na mpira unaomletea hewa kutoka mashuani umebanwa kati ya kamba na jiwe. Mvuto mmoja wa nguvu ungeukata.

Akaikwamua taratibu, akaivuta tena mara mbili. Kamba ikaanza kumpandisha, polepole, kwa vituo.

"Nilihisi uzito si wa mtu," Sakelari alisema akimvua kofia. "Nahodha kanitukana mpaka marehemu bibi. Sikuvuta."

"Ukakaa tu?"

"Nikakaa. Nani anajua ubaya wa pupa kunishinda?"

Akaanza kuikunja kamba. Karibu na mwisho, kidole gumba kikasimama penye zile nyuzi tatu zilizokatwa.

"Chini kuna mawe makali," Nomikos akasema.

"Yapo."

Macho ya Sakelari yakashuka hadi kwenye ala tupu kiunoni mwa shemejiye, yakatua hapo, yakarudi kwenye kamba.

"Kesho nishike mimi," akauliza, "au umpate mwingine?"