Nyumba Nzito Upande wa Jikoni

Edelmira Barría alitoa mikate kwenye jiko la kuni, akaifunika kwa kitambaa, akamgeukia mumewe. Belarmino alikuwa ameketi mahali pake pa kila siku, kwenye kiti cha mbele ya dirisha la jikoni, blanketi magotini. Ng'ambo ya ziwa, mlima wa volkano ulikuwa umesimama mzima mzima, theluji hadi kiunoni na wingu dogo kichwani.

"Leo amevaa kofia," Belarmino alisema.

"Basi mvua haiko mbali," Edelmira alimjibu, akamkatia mkate.

Mazungumzo ya siku yalikuwa yameisha. Tangu kiharusi kilipomwangusha kwenye gati la ziwa, Belarmino alibakiwa na sentensi moja kwa siku, ya asubuhi, nayo ilihusu mlima. Aliutaja kama mtu anavyomtaja jirani. Zamani alikuwa mtani na msimuliaji, mtu wa kuongea hadi chai inapoa, na Edelmira alikuwa akimwambia anyamaze kidogo apumzishe masikio. Sasa Edelmira aliishi kwa sentensi ile moja. Aliisubiri tangu anapoamka, na ikishasemwa alishona sare za shule siku nzima akiwa na moyo mweupe.

Nyumba waliijenga wenyewe, mbao juu ya mbao, wakaifunika kwa vigae vya mbao vilivyogeuka kijivu kwa mvua. Kiwanja hakikuwa chao. Walipokipanga, kilima kile cha Puerto Varas kilikuwa malisho, na hakuna mtu mwenye akili zake aliyetaka kulala kwenye upepo wa ziwa. Siku hizi watu walitoka mbali kuja kuulalia upepo huo.

Mwenye kiwanja, Bwana Winkler, alikuja siku ya Jumanne. Alivua kofia, akafuta viatu, akala mkate kwa siagi na kuusifu. Alikuwa mtu wa adabu sana.

"Mama Edelmira, hapa itajengwa hoteli."

"Hapa wapi?"

"Hapa tulipokaa. Kodi ya kiwanja itapanda mwezi wa nne. Halafu itapanda tena, na tena, mpaka mtakapoona wenyewe kwamba haina maana kubaki. Nawaambia mapema kwa sababu nawaheshimu."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni yenu kabisa. Mkitaka, ichukueni." Akacheka kidogo ndani ya kikombe.

Edelmira hakucheka. Yeye na mumewe walizaliwa Chiloé, visiwani, ambako nyumba huchukuliwa. Unawaendea majirani na ndugu, unawaomba kwa maneno mazuri, wanakuja na maksai, nyumba inakalishwa juu ya magogo na kuvutwa hadi unakotaka. Hulipi mtu, unawalisha washibe. Wanaiita minga. Kwa hiyo Bwana Winkler alidhani ametania, kumbe alikuwa ametoa ruhusa.

Swali lilikuwa kwenda wapi. Dada yake mkubwa, Nolfa, alikuwa na kiwanja kitupu nyuma ya nyumba yake huko Puerto Montt, nusu saa kwa basi. Puerto Varas ina waridi kando ya barabara na keki za Kijerumani madirishani. Puerto Montt ina bandari, tope, mbwa na bei nafuu. Watu wa Puerto Varas hukunja pua wakiitaja, kisha hupanda basi kwenda kununua samaki huko huko. Edelmira alikuwa amekunja pua yake miaka thelathini, na kiburi hicho kilimkwama kooni. Lakini angekimeza. Kilichomkosesha usingizi ni Belarmino. Mtaa wa Nolfa uko bondeni, mlima hauonekani.

Jumapili moja alimchukua mumewe wakajaribu.

"Jamani, malkia wa ziwa kashuka!" Nolfa alipokea mabegi mlangoni. "Shemeji, karibu. Kanyaga ubao, usikanyage tope. Na wewe vua hivyo viatu vya kanisani, utavilaani."

"Usianze, dada."

"Mimi? Nani alisema Puerto Montt mbwa ni wengi kuliko watu?"

"Sikusema hivyo."

"Ulisema. Kwenye ubatizo wa mwanangu, umeshika kipaza sauti."

Walimkalisha Belarmino kwenye dirisha la jikoni la Nolfa. Mbele yake kulikuwa na uzio wa mabati yenye kutu, kuku wachache, kamba ya nguo na mbwa wa manjano aitwaye Waziri, kwa vile alikuwa akilala sana. Belarmino alitazama mabati asubuhi nzima. Hakusema kitu. Mchana aliletewa supu ya kome, akafunga mdomo kama mtoto. Jioni Nolfa alimvuta mdogo wake pembeni.

"Mrudishe kwenye mlima wake," alisema, safari hii bila utani. "Hapa atazimika."

Wakarudi. Kesho yake Belarmino aliangalia nje na kusema, "Ananisubiri." Edelmira aliapa kwamba hatatoka pale hata kwa bunduki. Alichukua kazi zaidi, akashona hadi vidole vikafa ganzi, akalipa kodi iliyopanda, kisha akalipa iliyopanda tena.

Mwezi wa sita mafundi wa hoteli walisimamisha bango kubwa mbele ya nyumba, kati ya dirisha la jikoni na ziwa. Bango lilikuwa limechorwa mlima uleule, wakati wa kiangazi, bila wingu, na watu wawili wenye meno mazuri wameshika glasi. Edelmira alikwenda kulalamika. Bwana Winkler alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kwa upole: si mlima bado wanauona, tena sasa bila mawingu?

Belarmino alilitazama bango asubuhi nzima.

"Huyu si yeye," alisema.

Hiyo ikawa ya mwisho. Wiki zikapita, mvua ikanyesha juu ya paa na juu ya mlima wa rangi, na jikoni hapakusikika sauti ya mwanamume. Edelmira alimwekea mkate, akamwambia mwenyewe kwamba leo kuna kofia, leo kuna theluji mpya, akasubiri. Belarmino aligeuza macho tu. Asubuhi moja Edelmira alikaa chini sakafuni karibu na kiti kile na kugundua kwamba alikuwa anakilinda kitu ambacho kilishaondoka. Akapiga moyo konde, akapiga simu.

"Dada, kile kiwanja chako bado kipo?"

"Kipo. Kuku wamekaa."

"Waambie wasogee."

Ndugu walivuka kutoka visiwani mvua zilipopungua, na maksai wao kwenye kivuko. Aliyewaongoza alikuwa binamu yao Eleuterio, mtu mfupi mwenye sauti ya kwikwi, aliyekwisha kuhamisha nyumba nyingi na kanisa moja. Hortensia, mjane wa nyumba ya kijani upande wa pili wa kilima, alileta magunia ya viazi na kusaidia kukuna viazi vya kutengenezea mikate ya visiwani. Naye alipanga kiwanja cha Bwana Winkler.

Kabla nyumba haijavutwa, milango na madirisha hung'olewa yote, nyumba iwe nyepesi na kisibaki kitu ndani kinachong'ang'ania mahali pake. Kila mtoto wa Chiloé analijua hilo. Waling'oa milango, bomba la jiko, dirisha la chumbani na la sebuleni. Walipofika jikoni walimkuta Belarmino ameshika fremu kwa mikono miwili, anatazama bango, hataki kuachia.

"Mwacheni kwanza," Edelmira alisema. "Mtarudi."

Hawakurudi. Mmoja aliitwa kufunga minyororo, mwingine aliitwa kuonja pombe ya tufaha, na dirisha likasahaulika.

Eleuterio alipaza sauti, maksai wakainama, minyororo ikalia. Nyumba haikusogea. Akapaza tena. Eleuterio akaizunguka nyumba, akiupapasa ukuta kwa kiganja kama anavyopapaswa ng'ombe mwenye mimba, akasimama nyuma.

"Ni nzito upande wa jikoni."

"Jiko tumeshalitoa," Edelmira alisema.

"Si jiko. Hili dirisha hamkuling'oa."

"Tumesahau."

"Haya, mmefungia mlima ndani." Alijikuna shingo, akawa na uso wa mtu aliyefika dukani akakuta limefungwa. "Ongezeni jozi mbili za maksai. Na huyo mwenye pombe aiweke chini aje asukume."

Waliongeza jozi mbili. Nyumba iliguna, ikajikokota, ikalipita bango la hoteli, na mlima ukaonekana dirishani, ule wenyewe, theluji hadi kiunoni. Kisha barabara ikapinda, nyumba ikalipa ziwa mgongo, jikoni kukawa kunatazama mashamba na ng'ombe wa watu. Dirishani mlima haukusogea. Uliendelea kusimama palepale ng'ambo ya maji, huku nje nguzo za umeme zikipita.

Nolfa alitembea kando na mwavuli, akimwambia kila aliyesimama barabarani kwamba mdogo wake anahama na hata godoro hajaacha. Polisi wa barabarani aliwasimamisha, akazunguka nyuma, akauliza taa ya nyuma iko wapi. Wakamtundikia kandili. Akaridhika, akasimamisha malori wapite.

Edelmira alikuwa jikoni akimenya viazi, sakafu ikicheza chini ya miguu yake, aliposikia sauti nyuma yake.

"Kumbe naye anakuja," Belarmino alisema.

Edelmira alilia hapohapo, kwa sauti, bila kuficha uso, na viazi akaendelea kumenya maana watu walikuwa wanataka kula.

Waliiweka nyumba kwenye kiwanja cha Nolfa, jikoni kukielekea uzio wa mabati. Ukisimama nje uliona uzio. Ukiingia ndani uliona ziwa. Walichimba shimo, wakachoma mawe, wakapika kome, nyama na viazi chini ya majani mapana, wakala, wakacheza kwenye tope hadi viatu havikujulikana rangi. Majirani waliletwa kuangalia dirisha. Mmoja alisema ziwa ni zuri lakini linaleta baridi, akaomba lifungwe kidogo. Wengine walizoea kuja saa ya chai na vikombe vyao. Edelmira, aliyekunja pua miaka thelathini, aliwajua wote kwa majina kabla ya Krismasi, na siku moja alisikika sokoni akimwambia mtu wa Puerto Varas kwamba kule kwenu keki ni nyingi lakini hakuna wa kula naye. Nolfa alicheka mpaka akashika ubavu.

Hoteli ilifunguliwa kiangazi cha mwaka uliofuata. Kwenye vyumba vyote vya mbele, ukifungua pazia, uliona mabati yenye kutu, kuku, mbwa wa manjano amelala na nguo za Nolfa zikikauka. Nolfa alipopata habari, alianza kuanika shuka nzuri mbele na suruali za ndani za mumewe nyuma. Asubuhi alipotoka kulisha kuku aliupungia uzio mkono, kwa heshima ya wageni.

Bwana Winkler alikuja siku ya Jumanne. Alivua kofia, akafuta viatu kwa muda mrefu, kwa sababu tope la mtaa ule ni jingi na lami waliyoahidiwa haikuwa imefika. Alikula mkate kwa siagi. Alitazama dirishani.

"Anapendeza leo," alisema.

"Anapendeza," Edelmira alikubali.

"Mama Edelmira, lakini mlima huu ni wa kiwanja."

"Uliniambia niichukue nyumba, nikaichukua. Dirisha ni la nyumba."

"Na kilichomo dirishani?"

"Kwani ulitaka nibebe dirisha tupu?"

Bwana Winkler alifikiri, akaona jibu ni la haki, akaongeza siagi. Alisema hoteli haina neno. Bei haikushuka, wageni waliambiwa kwamba mabati ni maisha halisi ya wenyeji, na wanapiga picha. Ila gharama zimekuwa kubwa, hoteli itabidi ipanuke hadi upande wa pili wa kilima, na kodi ya viwanja vilivyobaki itapanda mwezi wa nne.

"Na Hortensia?" Edelmira aliuliza.

"Nimeshamwambia. Mapema kabisa, kwa heshima." Alishukuru kwa mkate, akavaa kofia, akaondoka akiruka madimbwi. Waziri alifungua jicho moja, akalifunga.

Edelmira alibaki ameshika kikombe cha mgeni. Hasira ilimpanda, kwa sababu Bwana Winkler angefika salama kwake, angelala, na mwezi wa nne ungefika vilevile. Kisha akachukua simu. Eleuterio aliitikia kwa kwikwi, akauliza nyumba ni kubwa kiasi gani, akasema atakuja.

Dirishani jua lilikuwa linaigusa theluji. Belarmino alikuwa ameshasema sentensi yake asubuhi, kwamba leo hana kofia. Lakini tangu wahamie Puerto Montt alikuwa na ya pili, ambayo siku nyingi hakuitumia, alikuwa anaiweka. Aligeuka kwenye kiti, akamtazama mkewe badala ya mlima.

"Edelmira," alisema, "mwambie Hortensia asing'oe madirisha."